Fishi ya mgonjwa haipashwi kupotea



Mwezi huu tutazungumza juu ya kitu kidogo chenye kila mama anakijua: fishi. Ni ile kartasi munganga anaandika jina lako, ugonjwa wako na dawa zako. Mnaiweka wapi nyumbani? Wengine chini ya godoro, wengine ndani ya sanduku pamoja na nguo za sikukuu, wengine wanaifunga ndani ya sashe juu ya mvua. Lakini panya anafika, maji yanaingia, mtoto anaipata na kuichora. Siku ugonjwa unarudia, munganga anauliza: "Mama, dawa gani walikupa ile mara ya kwanza?" Na mama anajibu: "Munganga, zilikuwa nyeupe. Ndogo ndogo."

Tufikiri jamaa moja. Baba ni mchimbaji, na mama ameanza dawa za kifua kikuu kule Kasongo. Dawa hizo zinakunywewa miezi 6 bila kuruka. Mwezi wa pili habari inafika kwamba zahabu imetoka Salamabila, wanahama. Mwezi wa ine wanasikia Misisi kuko mingi, wanahama tena. Kila fasi wanamfungulia fishi mpya. Kule Misisi mama huyu anaonekana kama mtu hajaumwa hata siku moja. Nani atajua amebakisha miezi mingapi? Kama ameacha katikati, vijidudu vinazoea dawa, na ugonjwa unakuwa mgumu kuponywa. Na mtoto yuko mgongoni, anapumua hewa ileile.

Msiseme mambo ya kuandika wagonjwa ni ya watu wa mbali. Katika masomo ya afya, Kasongo yetu inajulikana mpaka Ulaya. Kuanzia mwaka wa 1971 kundi la waganga wetu pamoja na waganga wa Chuo cha magonjwa ya inchi za joto cha Antwerp, kule Ubelgiji, walipanga hapa santre ndogo za afya karibu na watu, na lopitali nyuma yake kwa magonjwa makubwa. Mwaka wa 1981 gazeti la waganga la Uingereza, The Lancet, lilichapa utafiti wao juu ya chanjo ya surua na maisha ya watoto wa Kasongo wenye miezi 7 mpaka 35. Utafiti ule uliwezekana namna gani? Kulikuwa watu walioandika jina la kila mtoto, siku alizaliwa, siku alichanjwa, na, kwa huzuni, siku alikufa. Na mpango wa zone ya afya, wenye inchi nzima iliufuata kisha, Kasongo ni moja ya fasi zenye ulijaribiwa mbele.

Basi, kazi ya kuandika tunaijua. Shida ni kwamba kartasi haiwezi kutembea na watu, tena wagonjwa wakiwa elfu na elfu, hakuna mtu anaweza kuitafuta upesi. Tuone jirani zetu wa Kenya walifanya nini.

Mji wa Eldoret uko upande wa mangaribi wa Kenya. Kuanzia karibu mwaka wa 1990, chuo cha waganga cha Moi University kilikuwa na urafiki wa kazi na Indiana University ya Marekani. Mwaka wa 2001 walianzisha pamoja mpango unaoitwa AMPATH kwa kutunza watu wenye virusi vya ukimwi. Mwaka uleule, katika santre ya afya ya Mosoriot, kijiji karibu na Eldoret, waliweka kitu chenye watu wengi walisema hakiwezekani kijijini: fishi za wagonjwa ndani ya kompyuta. Zilikuwa kompyuta mbili zilizounganishwa, na betri ya jua ya kusaidia wakati umeme unakatika. Walipima saa za wagonjwa mbele na nyuma, na waliona kwamba safari ya mgonjwa kwenye santre ilipunguka kwa asilimia 22. Mama mwenye kuacha shamba lake ili kupeleka mtoto anajua hesabu hiyo ni kitu gani.

Lakini kisha shida ikatokea, na ilitokea juu ya kufaulu. Dawa za virusi zilipofika, wagonjwa waliongezeka sana. Programu yao ilikuwa imejengwa juu ya Microsoft Access, ambayo ni programu ya ofisi ndogo. Mwezi wa pili wa 2004 waganga wawili kutoka Regenstrief Institute ya mji wa Indianapolis walifika Eldoret kuangalia: Burke Mamlin, munganga wa watu wakubwa, na Paul Biondich, munganga wa watoto. Wote wawili walijua pia kuandika programu. Chuo chao kilikuwa na uzoefu wa zamani: tangu 1972 Clement McDonald alianza kule kuweka fishi za wagonjwa wa sukari ndani ya kompyuta.

Hapa vijana, sikilizeni vizuri. Fikirini rejista kubwa yenye mistari ya kusimama: jina, umri, kilo, joto, dawa. Kila ulizo lina mstari wake. Siku waganga wanataka kuuliza jambo jipya, unapashwa kuchora mstari mpya kwa wagonjwa wote, hata wale wenye jambo lile haliwahusu. Katika Access kila jedwali lina mwisho wa mistari 255. Na waganga wa ukimwi hawaachi kuuliza mambo mapya: dawa mpya, vipimo vipya, watoto, mimba, kifua kikuu. Kila mara fishi ya kartasi ilipobadilishwa, mwandika programu alipashwa kuvunja nyumba na kuijenga tena.

Mamlin na Biondich wakapanga namna nyingine. Badala ya kuchora mstari kwa kila ulizo, walitenga kitabu kimoja cha maulizo yote, kama kamusi. Kila ulizo lina namba yake ndani ya kamusi ile. Halafu rejista ya wagonjwa inabaki na vitu vichache tu: mgonjwa fulani, siku fulani, ulizo namba fulani, jibu fulani. Kama kesho munganga anataka kuuliza jambo jipya, anaongeza ulizo moja katika kamusi. Nyumba haivunjwi. Munganga mwenyewe anaweza kufanya hivyo, bila kungoja fundi wa mbali. Hilo ndilo fikra kubwa la programu yao, na mpaka leo ndilo msingi wake.

Kuna jambo lingine la kufurahisha, ni namba ya mgonjwa. Kwetu Feza ni wangapi? Amisi ni wangapi? Jina halitoshi, namba inahitajiwa. Lakini mwandishi akichoka anageuza tarakimu mbili, na dawa ya mtu moja inaandikwa kwa mtu mwingine. Kwa hiyo wanaongeza tarakimu moja ya ulinzi nyuma ya namba, kwa hesabu ya Hans Peter Luhn, injinia wa IBM aliyepewa haki ya uvumbuzi wake mwaka wa 1960. Jaribuni ninyi wenyewe. Chukueni namba 1523. Anzeni kuume: 3 mara mbili ni 6, 2 inabaki 2, 5 mara mbili ni 10, unajumlisha 1 na 0, inakuwa 1, 1 ya mwisho inabaki 1. Jumla ni 10. Ili kufika kumi kamili imebaki ngapi? Hakuna, ni 0. Basi namba ya mgonjwa ni 1523-0. Mwandishi akikosea na kuandika 1253-0, kompyuta inahesabu: 6 na 5 na 4 na 1, jumla 16. Ilipashwa kuongezwa 4 ili kufika 20, lakini yeye ameandika 0. Kompyuta inakataa, anaangalia fishi tena. Hesabu hii hata mtoto wa shule ya musingi anaiweza, na inaweza kuokoa mtu.

Sasa tufike kwenye njia panda yao. Waganga hawa wawili walikuwa na programu nzuri katika fikra. Wangeweza kuifunga na kuiuzisha. Wangeweza pia kuijenga kwa ajili ya Eldoret tu, kisha kurudi kwao. Lakini mwezi wa tisa wa 2004, katika mkutano wa waganga wa kompyuta kule San Francisco, walikutana na Hamish Fraser wa kundi la Partners In Health. Yeye alikuwa amekwisha kujenga fishi za kompyuta kwa wagonjwa wa kifua kikuu kule Peru na wa ukimwi kule Haiti. Waliona kwamba kila mtu alikuwa akichimba shimo lake peke yake, na wote walikuwa wakitafuta jiwe moja. Wakapatana kuchimba pamoja. Chris Seebregts wa baraza la utafiti wa afya la Afrika ya Kusini naye akaungana nao. Programu ikaitwa OpenMRS.

Ni programu huria. Maana yake ni nini? Kila programu ina maandishi ya ndani, ambayo watu wa kompyuta wanayaita kode. Makampuni mengi yanayaficha, kama mtu anayeficha fasi alipopata zahabu. Programu huria inaacha kode yake wazi: kila mtu anaweza kuitumia bila kulipa, kuisoma, kuitengeneza, na kumpa mwingine. Njia hii Richard Stallman aliianza Marekani mwaka wa 1983, na Linus Torvalds wa Finland aliifuata mwaka wa 1991 na Linux yake. Kwa lopitali maskini jambo hili lina uzito. Kama kampuni inafunga milango, programu ya kununua inakufa nayo, na fishi za wagonjwa zinabaki ndani kama watu ndani ya shimo lililoanguka. Programu huria haifi hivyo, sababu kode iko mikononi mwa wengi.

Kazi ilichukua muda. Programu iliandikwa kwa lugha ya Java, na rejista yake inakaa ndani ya MySQL, ambayo nayo ni huria. Mwezi wa pili wa 2006 ilianza kufanya kazi Eldoret. Mwezi wa munane mwaka uleule ilianza Rwinkwavu, kule Rwanda. Mbele mwaka haujaisha ilifika lopitali ya Richmond, katika KwaZulu-Natal ya Afrika ya Kusini.

Mwanzoni waandika programu wengi walikuwa Wamarekani. Haikubaki hivyo. Daniel Kayiwa wa Uganda aliandika sehemu ya kutengeneza fishi za kujaza kwenye kompyuta, na akawa mmoja wa nguzo za kazi ile. Kule Rwanda, Partners In Health ilifungua masomo ya kufundisha vijana kazi hiyo. Mwaka wa 2007 OpenMRS iliingia pia katika mpango wa Google uliokuwa ukiwalipa wanafunzi wanaoandika programu huria. Kisha Kenya ilijenga KenyaEMR na Uganda ikajenga UgandaEMR, zote mbili juu ya msingi uleule. Leo programu hii inatumika katika inchi zaidi ya 40.

Wengine wataniuliza: "Pastere, hii yote inaponyesha nani?" Ni ulizo zuri. Kompyuta haiponyeshi mtu. Lakini inakumbuka. Kule Eldoret, Martin Were na wenzake walijaribu jambo moja katika kliniki ya watoto wenye virusi. Kompyuta iliangalia fishi ya kila mtoto na kuchapa kartasi ya kumkumbusha munganga: mtoto huyu kipimo chake kimepita siku, huyu anapashwa kuanza dawa. Kwa nusu ya watoto munganga alipewa ukumbusho ule, kwa nusu nyingine hapana. Matokeo yalichapwa mwaka wa 2013: penye ukumbusho, kazi zilizochelewa zilitimizwa asilimia 68; pasipo ukumbusho, asilimia 18. Waganga walikuwa walewale, na dawa zilezile. Tofauti ilikuwa kukumbushwa.

Tena wakati wa Ebola kule Sierra Leone, mwaka wa 2014 na 2015, katika kituo cha Kerry Town, kartasi iliyoingia kwenye wagonjwa haikuweza kutoka, kwa hofu ya kubeba virusi. Waliweka OpenMRS ndani ya tableti: muuguzi anaandika ndani, na wenzake wanasoma inje. Sisi wa Kongo wenye kujua Ebola tunaelewa.

Lakini tusidanganyane. Kompyuta bila umeme ni sanduku tu. Mwandishi mvivu ataingiza uongo, na kompyuta itaushika uongo ule vizuri sana kwa miaka mingi. Tena kuna siri. Fishi ya mtu mwenye virusi ikisomwa na jirani, ndoa inavunjika, mama anafukuzwa na watoto wake. Kartasi moja inaibiwa na mtu moja. Kompyuta isiyofungwa vizuri inaweza kutoboa siri za mji mzima kwa siku moja. Kwa hiyo OpenMRS inampa kila mfanyakazi neno lake la kuingilia na mipaka yake: mwenye kupokea watu mlangoni anaweza kuona jina, lakini si lazima aone ugonjwa. Chombo hicho ni kizuri, lakini hakifai kitu kama wafanyakazi wote wanatumia neno moja lililobandikwa ukutani.

Na kwetu? Inchi yetu ina zone za afya 519. Hesabu za zone zinatumwa kwa DHIS2, programu huria nyingine, iliyozaliwa Afrika ya Kusini na kuongozwa leo na Chuo Kikuu cha Oslo. Hiyo ni hatua kubwa. Lakini DHIS2 kwa kazi ile inahesabu: wagonjwa wa malaria wangapi, watoto waliochanjwa wangapi. Hesabu haimjui yule mama wetu wa Kasongo aliyehamia Salamabila, kisha Misisi. Ili munganga wa Misisi amjue, inahitajiwa rejista yenye jina, namba na siku, yenye kumfuata kwa kila santre. Kazi hiyo imebaki.

Vijana wetu, wengi wenu mnaacha shule mbele ya diplome na kushuka ndani ya mashimo. Sitawatukana, sababu najua feza ya shule inatoka wapi. Lakini angalieni njia ya watu hawa. Mamlin na Biondich hawakuanza na kompyuta. Walianza na wagonjwa, wakaona shida kwa macho yao, kisha wakatafuta chombo. Walitumia vyombo vyenye wengine walikwisha kutengeneza. Na walipopata, hawakuficha. Zahabu ukimgawia mwenzako, yako inapunguka. Kode ukimgawia mwenzako, yako inabaki ileile, na pengine anakurudishia ikiwa imetengenezwa vizuri zaidi. Kayiwa aliingia kwa mlango huo. Hakuna mtu alimwuliza baba yake ni nani. Walisoma kazi yake, wakaona inafaa.

Wazazi, mkiwa na kijana anayependa kufungua telefone zilizokufa na kuuliza ndani kuna nini, msimpige. Mtafutieni mtu wa kumfundisha. Na wakati tunangoja kompyuta ya santre yetu, tufanye hili leo: kila mtu wa nyumba awe na daftari moja ndogo ya afya, sio kartasi mbalimbali. Jina lote, mwaka wa kuzaliwa, chanjo, magonjwa makubwa, jina la kila dawa na siku ilianza. Ifungwe ndani ya sashe mbili. Na wakati wa kuhama kwenda kwenye shimo jipya, iwe kitu cha kwanza kuingia ndani ya mzigo, mbele ya sufuria. Mama wa kifua kikuu akifika Misisi na daftari ile, munganga ataanza kwa mwezi wa tano, sio kwa mwezi wa kwanza.

Maulizo ya kuzungumza nyumbani na katika kikundi cha vijana:

1. Fishi za watu wa nyumba yetu ziko wapi leo? Kila mtu alete yake, tuhesabu zilizopotea.

2. Mgonjwa akihama kutoka Kasongo kwenda kwenye mashimo, nani anapashwa kumwandikia kartasi ya kupeleka, na sisi tunaiomba?

3. Ni siri gani za mgonjwa zenye hazipashwi kusemwa hata na jamaa yake?

4. Chukueni namba 2746 na mtafute tarakimu yake ya ulinzi kwa hesabu ya Luhn. Jibu tutalichapa katika gazeti la mwezi ujao.